Mashine ya Kuitikia

Shieywe, Kakamega
14 Januari 1996

Kwako Wandera, ndugu yangu wa tumbo moja,

Pokea salamu za sisi tuliobaki. Baba anakusalimu. Mguu wake bado umevimba lakini anaenda shambani hivyo hivyo kuwafokea wakata miwa. Mume wangu Lusweti ni mzima, na watoto wamerudi shule na sare nilizowashonea mwenyewe, kwa hiyo zinawatosha, si kama za watoto wa jirani. Mvua imegoma. Vumbi la huku Shieywe linaingia hadi ndani ya sufuria ya mboga.

Sasa sikiliza. Kwa kuwa hukuwapo tulipomzika Mama mwezi uliopita, nitakueleza kilichotokea pale kaburini. Najua wengine wamekuandikia kwa upole. Mimi upole umeniishia.

Unakumbuka kaseti ya kwaya tuliyorekodi Kisumu. Nyimbo zote zilikuwa zangu. Ilipotoka, kwenye karatasi ya juu pakaandikwa kwamba zimetungwa na Mwalimu Phineas, na picha yake hapo, ameshika kifimbo cha kuongozea. Nikasimama kanisani kwetu Mayoni mbele ya watu nikasema huo ni uongo. Jumapili iliyofuata nikaambiwa kwaya haina nafasi yangu tena. Nikarudi kwa cherehani yangu. Hilo ningeweza kulimeza.

Lakini Mama alipokufa, Phineas alikuja mazishini na kwaya nzima, maana Mama alikuwa mzee wa kanisa. Jeneza lilipoteremshwa nikaanzisha ule wimbo wake, ule aliokuwa akiuimba akipalilia. Nikatoa mstari wa kwanza nikangoja itikio. Phineas akainua mkono akafunga ngumi, vile anavyofanya akitaka kwaya ikome, na vinywa vyote vikafungwa. Hata Gentrix, ambaye tumeimba bega kwa bega tangu tukiwa wasichana, akainama akatazama viatu vyake. Watu wengine walikuwa wameiachia kwaya kazi ya kuitikia, nao wakabaki kutazamana. Niliimba ubeti baada ya ubeti peke yangu hadi udongo ukaisha, Wandera. Nawe unajua wimbo wa kaburini usipoitikiwa kwetu husemwaje. Husemwa marehemu amekwenda bila watu. Nikipita sokoni Mayoni wanawake hunyamaza, halafu nikiwapa mgongo nasikia jina la Mama.

Nataka mashine. Uliwahi kunieleza juu ya Mjerumani mmoja aliyeimba peke yake hotelini kwenu na ikasikika kama watu wanne. Nataka kama hiyo yake. Usiniulize ya nini.

Na utakuja lini kuliona kaburi?

Ni mimi dada yako,
Edah


Bamburi, Mombasa
22 Februari 1996

Dada Edah,

Huku ni joto na jasho, lakini nashukuru Mungu. Bendi bado inapiga kila jioni, na watalii bado wanakula wakiwa wametupa mgongo. Msalimie shemeji na watoto. Mwambie Baba aukande huo mguu kwa maji ya chumvi, asijifanye kijana.

Niwie radhi kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa mfukoni mwangu muda mrefu na nimeisoma mara nyingi. Juu ya Mama sijui niseme nini, kwa hiyo nitasema juu ya mashine.

Nimeona za namna tatu. Ya kwanza ni ile ya zamani yenye utepe, kama utepe wa kaseti, unaozunguka ndani na kurudisha ulichoimba. Sauti yake ni tamu sana, lakini ni nzito kama mawe ya kusagia, na utepe wenyewe unalegea. Kwa vumbi lenu hilo haitamaliza mwezi. Ya pili ni kisanduku kidogo cha kukanyaga kwa mguu, kinachotumia betri. Hicho kinashika sekunde mbili tu. Ukisema "Bwana asifiwe" tayari kimejaa. Ya tatu ndiyo ile ya Mjerumani. Inashika sekunde nane, ina vibonyezo viwili vya mguu, na ukishaimba mara moja unaweza kuimba juu yake tena na tena, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka wewe mmoja uwe kwaya. Ubaya wake inataka stima, na ukiizima inasahau kila kitu.

Niambie itikio lako lina urefu gani, ndipo nijue ya kutafuta. Watu wengi hununua mashine kwa kupenda taa zake, kisha wanakuta wimbo hauingii.

Kuhusu kuja, msimu wa wageni bado haujaisha. Tutaona.

Ndugu yako,
Wandera


Shieywe
10 Machi 1996

Wandera,

Tuko salama. Mvua imekuja kwa hasira na mabati ya jikoni yamevuja. Baba amepanda mahindi kidogo pembeni mwa miwa, anasema hataki kununua unga wa obusuma mwaka huu. Chumvi ameiweka kwa maji ya mguu, halafu akalalamika kwamba umemfanya kitoweo.

Nimesoma kuhusu mashine zako tatu. Ya utepe iache, mimi sitafuti utamu. Ya sekunde mbili ni ya kubweka. Itikio langu ni refu kiasi cha pumzi moja ya mwanamke mwenye hasira, na nimelipima kwa saa ya Lusweti, linaingia kwenye hiyo ya sekunde nane na nafasi inabaki. Nitafutie hiyo.

Sasa shika haya vizuri. Iwe ya kukanyagwa bila kutazama chini. Isitoe mlio wowote ninapokanyaga. Isiwe kubwa, maana nitavaa gauni la kufika chini na sitaki mguu wangu uonekane unafanya nini. Na maiki yake isiwe na swichi. Nataka iliyo wazi wakati wote, mtu akikaribia tu isikie.

Juu ya msimu wa wageni sikuelewa. Mwezi wa Disemba ulisema wageni wamejaa. Sasa ni Machi. Hao wageni hawana kwao?

Edah


Bamburi
5 Mei 1996

Dada mpendwa,

Nawasalimu wote. Mimi nilikuwa na malaria, nimepona. Nimekonda, mikanda yote inanipwaya.

Mashine imepatikana, na ni ile ile ya Mjerumani. Aliiacha hapa kibonyezo kimoja kilipokufa, na fundi wetu amekifufua. Nimeijaribu kwa sauti yangu hii mbaya na imenifanya kwaya ya vyura. Jambo moja ulijue. Ilitengenezewa gitaa, kwa hiyo maiki haiwezi kuingia moja kwa moja, sauti itakuwa kama ya mtu aliye kisimani. Lazima ipitie kwanza kisanduku cha kuchanganyia sauti, halafu mashine, halafu amplifaya. Spika ziwe mbele yako, zisikutazame, ama zitapiga mayowe na mashine iyashike hayo mayowe iyarudie. Haichagui, Edah. Chochote kinachoingia kwenye maiki ukiwa umekanyaga, inakishika. Sauti yako, jogoo, mtoto anayelia, yote kwake ni sawa.

Sasa niruhusu kukuuliza. Gentrix ameniandikia. Anasema umeandikisha kwaya kwa tamasha la kwaya la Butere mwezi wa Agosti, umeipa jina la Mama, Kwaya ya Teresa Khalayi, na haina hata mwimbaji mmoja zaidi yako. Anasema mwenyekiti wa tamasha mwaka huu ni Phineas. Dada, unataka kumfanya nini huyo mtu? Malipo ni hapa hapa duniani, mwachie Mungu. Mama mwenyewe angekwambia hivyo.

Ingawa mimi sina haki ya kusema Mama angesema nini. Unajua aliloniambia pale langoni siku nilipoondoka nyumbani, kwamba nisirudi na muziki wa baa. Basi tuyaache.

Wandera


Shieywe
2 Juni 1996

Wandera,

Sisi wazima.

Mungu nimemwachia mengi. Hili ni langu. Mtu akimwaga mboga, mimi namwaga ugali, na sufuria napiga teke.

Usinihubirie kupitia kwa Gentrix. Alikuja hapa kwangu na ndizi, nikamwacha asimame mlangoni hadi akachoka, na ndizi zake akaondoka nazo. Aliweza kunyamaza siku ile, aweze kunyamaza sasa.

Na usinitajie maneno ya langoni. Mama alisema mengi langoni. Aliniambia mimi nisiolewe na Lusweti kwa sababu ya masikio yake. Kila Jumamosi alianika betri za redio juani ili zipate nguvu ya kipindi cha muziki cha jioni, na ikipigwa bendi yoyote ya Pwani aliuliza, "Huyu anayepiganga besi si ni Wandera?" Nilimjibu ndiyo, kila mara, hata nilipojua siye. Hujui hayo kwa sababu hukuuliza.

Tuma mashine.

Edah


Bamburi
14 Julai 1996

Dada Edah,

Salamu. Sijui nikujibu nini kuhusu betri, kwa hiyo sitajibu.

Mashine inakuja na basi la Kisumu. Nimeifunga ndani ya blanketi, na blanketi ni la Baba. Kwenye kifurushi utakuta kisanduku cha kuchanganyia na maiki isiyo na swichi. Kibonyezo cha kushoto: kanyaga, inaanza kushika. Kanyaga tena, inaacha kushika na kuanza kurudia. Cha kulia kinainyamazisha na kuiamsha. Jizoeze ukiwa pekupeku kwanza, mguu ujue njia, ndipo uvae viatu. Ukikanyaga ukiwa umechelewa kidogo tu, wimbo utachechemea kila ukirudi.

Hofu yangu ni stima ya Butere. Ikikatika, mashine inasahau. Shika waya wako uufunge mwenyewe, usimwamini mtu.

Nilitaka kuja nikufungie. Sijapewa ruhusa.

Wandera


Shieywe
8 Septemba 1996

Ndugu yangu Wandera,

Nakuandikia nikiwa nimeshiba. Baba mguu umepungua. Miwa imekatwa na lori limeichukua kabla haijakauka, mwaka huu tumeponea. Lusweti ananunua soda bila sababu, na anaimba akioga. Anachoimba utakielewa ukisoma mbele.

Tamasha lilifanyika uwanjani Butere, kwaya kutoka kila upande, hema mbili, spika za tarumbeta juu ya miti. Phineas amekaa mbele kwenye kiti chenye mito, tai nyekundu, kifimbo mfukoni. Stima ilitoka dukani kwa waya mrefu. Nilifunga vitu vyangu mwenyewe asubuhi, nikafunika mashine kwa kipande cha kitenge, na msimamizi akadhani ni mfuko wangu wa viatu.

Walipoita Kwaya ya Teresa Khalayi nikapanda peke yangu. Watu wakageuza shingo kutafuta wenzangu. Wengine wakacheka. Wimbo wa Mama sikuutoa, ule si wa uwanjani. Nilianzisha maneno mapya kabisa, "Nani ataniitikia?" kisha nikanyamaza. Nikaacha kimya kikae. Kilikuwa kimya kile kile cha kaburini, nikakinywa chote, na safari hii hakikuniumiza kwa sababu nilijua kinaelekea wapi.

Nilimjua Phineas. Hawezi kuona maiki iko wazi akaipita, angeweza kumnyang'anya hata bwana harusi. Akainuka polepole akitabasamu, akaja akasimama hapo hapo nilipokuwa, akanisukuma kidogo kwa kiwiko, akainamia maiki. Nami nikakanyaga. Akasema, kwa ile sauti yake ya kanisani, "Huyu mama hana kwaya. Mtu yeyote asimwitikie." Nikakanyaga tena, kisha kile cha kulia, ikanyamaza kabla haijarudia. Sasa umejua kwa nini sikutaka swichi, na kwa nini gauni lilikuwa refu.

Akarudi kwenye mito yake. Nikangoja akae vizuri. Nikaimba, "Mwizi wa nyimbo akiwaita," na nikabonyeza.

Sauti yake ikatoka kwenye spika zote, "Huyu mama hana kwaya. Mtu yeyote asimwitikie."

Wandera, laiti ungeona ile sura. Alijishika mdomo kuhakikisha hauneni. Nikaendelea, mashine ikizunguka na mimi naingiza mistari palipo na nafasi. Anayetia jina lake kwenye kazi ya mwenzake, akiwaita? Mtu yeyote asimwitikie. Anayefunga ngumi mbele ya jeneza la mzee wa kanisa, akiwaita? Mtu yeyote asimwitikie. Kisha nikakanyaga cha kushoto nikamwekea sauti ya pili juu yake, nikamwekea ya tatu, nikampamba kama mtoto wa ubatizo. Mpaka hapo alikuwa mwitikiaji wangu. Kila nilipoita, yeye ndiye aliyejibu.

Kicheko kilianzia kwa wauza miwa nyuma. Halafu watoto wakaanza kuitikia naye, halafu hema moja, halafu ya pili. Halafu kwaya yake mwenyewe, nakuapia, wakisimama na majoho yao. Gentrix ndiye aliyeanza, kwa sauti ile ile aliyonificha Disemba, na machozi yakimtoka. Sikumtazama. Bado sijamsamehe na sina haraka.

Phineas akaruka akaenda kwenye waya akaung'oa. Spika zikafa, mashine ikasahau, kama ulivyoniambia. Lakini uwanja haukusahau. Waliimba bila stima mpaka akaingia kwenye gari la padre na kufunga vioo. Sasa akipita sokoni Butere watoto wa shule wanamwimbia. Nasikia ameacha kuongoza kwaya kwa muda, "kwa afya yake." Nilifurahi, na bado nafurahi. Sitajifanya mtakatifu kwako. Nikiamka asubuhi nalikumbuka kwanza hilo, ndipo nakumbuka kuwasha moto.

Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini yako imeua, na kwa hilo nakushukuru. Hapo ndipo shukrani zangu zinapokomea.

Jumapili iliyopita nilibeba mashine hadi Mayoni. Nilikodi betri ya gari na kile kidude cha kugeuza moto wake uwe kama stima, nikavifunga pale kaburini. Nikauimba wimbo wa Mama. Nilijiwekea sauti zote, ya kwanza hadi ya nne, itikio likaja zuri, limenyooka, halichechemei hata kidogo. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda. Nilimtazama nikidhani atalia. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Hii ni wewe, na wewe tena, na wewe tena. Wandera ako wapi?"

Nilikuwa nimeleta kwaya nzima na nilikosa mtu mmoja.

Nimefikiri sana tangu siku hiyo, na hasira yangu, ambayo nilidhani imekwisha Butere, nimeikuta imehamia kwako. Nilikuuliza utakuja lini, ukanieleza habari za utepe. Nikakuuliza tena, ukanieleza habari za stima. Kila nilipokuita ulinitumia kitu cha kuitikia badala yako. Si kwaya peke yake iliyomzika Mama kimya. Sauti ya nne ilikuwa yako tangu utotoni, na ilikosekana kabla Phineas hajafunga ngumi.

Mashine inarudi kwako na basi lile lile. Blanketi Baba amelirudisha pia. Alisema hana baridi.

Msalaba wa saruji tutausimamisha tarehe kumi na nne Disemba, na majirani wote wa Mayoni wameitwa, na kwaya pia, maana sasa wananiomba niiongoze. Nitaanzisha wimbo wa Mama. Nikifika mahali pa itikio nitanyamaza, na nimewaambia wote wanyamaze. Tutangoja sauti ya nne ianze. Tutangoja hata jua litue, ili kila mtu pale ajue ni nani anayengojwa.

Phineas aliwakataza watu. Wewe hukukatazwa na mtu.

Dada yako,
Edah